Vijiti vya Kemi Ng'ambo ya Mramura

Wachimba kaburi walimwuliza dada yangu Edista wachimbe upande gani wa mramura, na alipowajibu wakauliza tena, wakidhani hawakusikia vizuri. "Huku," alisema. "Kwangu." Marehemu alikuwa Mama Mkubwa Anastella, mke wa Byarugaba, na kwa desturi yetu hapa Ihembe mke huzikwa kwenye kibanja cha mumewe, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, wala hazikwi kwenye migomba ya jirani mume angali hai na anatazama. Msomaji asiyeijua Karagwe anivumilie nimweleze mramura ni nini, maana bila huo hakuna atakachoelewa. Ni mti mwembamba, shina lake limenyooka, juu una kishungi cha majani marefu. Sisi hatuzungushii kibanja senyenge. Tunapanda mramura kwa mstari, na hapo ndipo kwako panapoishia. Ukikata kijiti chake leo ukakichomeka kwenye udongo wa mvua, kinatoa mizizi bila kukuomba kitu. Mbuzi hawauli. Mtu mwenye akili timamu haugusi. Nimewajua watu waliouana kwa sababu ya mramura uliosogea hatua moja.

Nilikuwa nimekaa jikoni na wanawake wengine tukimenya ndizi za matanga wakati Kemi aliponijia. Kemi ni mtoto wa Edista, leo ni mwanamke mwenye mtoto wake mgongoni. Alichuchumaa karibu yangu akajifanya anatafuta kisu. "Mama mdogo," alisema kwa sauti ya chini, "wanasema huko nje kwamba mambo yote yale niliyaanzisha mimi. Kwamba mkono wa mama ni mimi." Nikamwambia hapana, mwanangu, mkono wa mama yako ni panga la Byarugaba. Akasema, "Basi nieleze vizuri, mimi sikumbuki." Sikuweza kumweleza pale, ndizi mikononi na wanawake wametega masikio. Ninamweleza hapa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamenikataa, na dada amefiwa na mumewe. Alinitumia ujumbe niende nikae naye. Kemi alikuwa anakaribia miaka mitatu. Nyumba yao ilikuwa ya bati yenye vyumba viwili, lakini tuliishi jikoni, kwenye kibanda cha nyuma chenye mafiga matatu na nyasi kavu zilizotandikwa chini, na harufu ya moshi iliyoingia hata kwenye ndoto. Tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zikafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka zikalainika, na senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika msimu wake. Shughuli ya kufundisha ilianza kwa sababu Kemi alikuwa anang'ang'ania kisu cha kumenyea, nami nilihitaji kitu kingine cha kumpa. Nikachukua ungo, nikatandaza majivu yaliyopoa, nikamshika kidole. Sikuanza na kitu kikubwa. Nilichora duara, nikasema o, nikamvalisha kichwani ngata ya mama yake, ile pete ya majani ya mgomba tunayobebea ndoo ya maji, nikasema o tena. Akacheka. Akaishusha ile ngata, akaitazama katikati kama anayechungulia dirishani, akasema o.

Tangu hapo nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote, na wazazi wakiniuliza siri yake huwa nawaambia mambo niliyoyajua jikoni kwa dada yangu. Mpe mtoto herufi ya kushika kabla ya kumpa herufi ya kutazama. Anza na sauti. Jina la herufi litakuja lenyewe. Akichoka, acha. Akiharibu, sifu kwanza, kisha rekebisha. Tulifinyanga herufi kwa udongo wa kichuguu tukazikausha pembeni ya moto. A tulijenga kwa mabua ya mtama, mawili yakiegemeana kama paa la kibanda, la tatu likilala katikati. U tuliikunja kwa kamba ya mgomba. Jumapili nikikaanga maandazi nilikata moja kwa umbo la E, na Kemi aliila kuanzia kwenye meno yake, jino moja moja, mpaka likabaki bua. Akasema, "Mama mdogo, imekuwa I!" I ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa haikumshinda. Bua moja, umelisimamisha, umemaliza. Kila kitu kilichonyooka kikawa I: mwiko, mpini wa jembe, kidole cha mzee aliyekuja kutusalimia. Nilimwambia Edista, "Huyu atasoma." Edista akasema, "Kwanza tuone kama atakuwa na mahali pa kukaa akisoma."

Hilo ndilo lililokuwa linagombaniwa, na nilitaka lijulikane mapema. Byarugaba alikuwa kaka mkubwa wa marehemu shemeji yangu, na kibanja chake kilipakana na cha Edista upande wa chini, unakopita barabara. Alikuwa amemwahidi mfanyabiashara mmoja wa Murongo kipande hicho cha barabarani, cha Edista, ili ajenge stoo ya kahawa. Mjane alitakiwa aondoke tu. Kwanza alikuja kwa maneno, akakaa kwenye kigoda chetu, akatafuna punje za kahawa tulizomkaribisha nazo, akasema, "Shemeji, wewe bado kijana. Rudi kwenu, uolewe. Mtoto nitamlea mimi." Edista alimjibu kwa upole kwamba kaburi la mumewe liko hapo na mtoto wake atakulia hapo. Baada ya hapo hakuja tena kwa maneno. Tuliamka asubuhi tukakuta migomba iliyobeba imefyekwa, mikungu michanga imetapakaa chini, shina zinavuja maji. Mbwa wetu tulimkuta ameuawa kwa rungu, ameachwa mlangoni ili tumruke tukitoka. Siku nyingine nilikutana naye njiani nikitoka kuchota maji, nikamwamkia shikamoo, akanizaba kofi lililomwaga ndoo. "Mwambie dada yako," alisema, "hilo ni lake, sikumkuta."

Kibanja hakina ukuta. Nyumba zetu mbili zilitenganishwa na migomba tu, na majani ya mgomba yanapitisha kila kitu. Tukiwa tunakula tulimsikia Byarugaba akirudi amelewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kisha sauti ya Mama Mkubwa Anastella ikisema kitu kifupi, kisha kipigo. Hakuwa akilia. Alikuwa akihesabu makosa yake kwa sauti, kama anayeungama: "Nimechelewesha chakula. Nimechelewesha, baba. Nimesikia." Edista aliacha kutafuna. Mimi nilizidisha sauti: "Kemi, hii ni nini?" Na Kemi, mdomo umejaa ndizi, alisema, "E," kisha akaongeza, "Sasa anatumia mkanda." Mwalimu huambiwa kwamba mtoto hutambua sauti kabla hajatambua herufi, na ni kweli. Yule mtoto alikuwa ametambua tofauti kati ya mkanda na fimbo kwenye mwili wa mtu, na kati ya panga linapoingia kwenye mgomba na linapoingia kwenye kuni, kabla hajajua kutofautisha A na U. Alikijua kikohozi cha Byarugaba kutoka mbali, na akikisikia aliingia nyuma ya chungu bila kuambiwa. Michezo yake nayo ilibadilika. Siku moja nilimkuta amezipanga zile herufi za udongo kwenye nyasi, ameshika kijiti, anazikata shingo. "Unafanya nini, mwanangu?" "Nazifukuza. Zimekataa kuondoka." Sikumgombeza. Niliketi naye tukafinyanga nyingine, na nilimwambia hizi zina mahali pao, hazifukuzwi. Sijui kama aliniamini. Mimi mwenyewe sikuwa naamini sana.

Masika ilipokolea, Edista aliupunguza mramura wetu, maana ulikuwa umerefuka na kuinamia kahawa. Ni kazi ya kawaida. Unakata vichwa, unavitupa kando vikauke. Nami siku hiyo nilikuwa nimekwenda sokoni. Kilichotokea tulikuja kukijua baadaye. Kemi aliliona lile rundo, vijiti vilivyonyooka, vya kijani, kila kimoja na kishungi chake kama nywele, akaona amepata I nzuri kuliko mabua yote niliyowahi kumpa. Upande wetu ardhi ilikuwa imeshikwa na nyasi na haikuchomeka. Upande wa pili, kwa Byarugaba, palikuwa panapaliliwa siku hizo, udongo laini kama unga. Akavuka. Akazichomeka I zake chini ya migomba, moja, na nyingine mbele yake, na nyingine, kwa mstari, jinsi nilivyomfundisha kuzipanga kwenye ungo. Halafu akazisahau, kama mtoto anavyosahau. Mvua ikanyesha. Majani ya migomba yakazificha, na zikaota.

Sasa mtazame Byarugaba, ambaye simpendi lakini nataka nimtendee haki. Mtu wa kwetu akikuta shambani kwake mstari wa mramura umechipua, ndani ya ardhi yake, hafikirii mtoto. Hafikirii herufi. Hakuna mtu kwetu anayepanda mramura kwa mchezo, kama vile hakuna mtu anayechimba kaburi kwa mchezo. Alichokiona ni mjane amejitwalia kipande cha shamba lake na amesubiri mizizi ishike ndipo aseme ni mpaka wa zamani. Na pia, hili nalo ni haki kulisema, aliona sababu aliyokuwa akiitafuta.

Alitukuta jikoni asubuhi. Edista alikuwa ameketi chini anamenya ndizi, mimi nakoroga maharage, Kemi yuko kwenye ungo wake wa majivu. Alisimama mlangoni akatufunga mwanga. Mkono mmoja alishika vijiti vilivyong'olewa, mizizi yake myeupe inadondosha udongo, mwingine panga.

"Shikamoo, shemeji," Edista alisema. Aliamkia kwanza. Huwa nalikumbuka hilo.

"Mama Kemi, hivi ni nini?"

"Ni mramura."

"Mramura wa nani?"

"Nitajuaje? Si umekuja nao wewe."

Akavitupa juu ya ndizi zilizomenywa. "Umeupanda kwangu! Mdogo wangu hajaoza vizuri unanisogezea mpaka! Unadhani mimi ni mjinga? Unadhani sipiti shambani kwangu?"

"Shemeji, mbele ya Mungu sijui unachosema."

Hapo Kemi alisimama. Alikuwa amemwogopa mtu huyu mwaka mzima, lakini aliviona vijiti vyake vimelala vibaya na hilo likawa kubwa kuliko woga. "Baba Mkubwa, usizing'oe," alisema. "Hizo ni I."

"Ni nini?"

"Ni I. Ni I zangu."

Byarugaba alimtazama, kisha akacheka, kicheko kifupi cha pua. "Na mtoto umeshamfundisha kudanganya," alisema, akalinyanyua panga.

Nitaeleza nilivyoona, kwa mpangilio nilioona. Kwanza ndizi aliyokuwa ameishika Edista ilianguka vipande viwili, na nikafikiri, ah, ameikata ndizi tu, anatutisha. Halafu nikaona kwamba vilivyoanguka pamoja na ndizi ni vidole. Mkono wa kulia, aliokuwa ameunyanyua kujikinga. Edista hakupiga kelele. Aliutazama mkono kama mtu anayetazama kitu cha mwingine. Byarugaba akalinyanyua tena, safari hii akilenga shingo, na mimi nikakishika chungu cha maharage yaliyokuwa yanachemka, kwa viganja vitupu, nikammwagia usoni. Sikujua kama nina nguvu hizo. Viganja vyangu vina mabaka mpaka leo, na watoto wa darasani huniuliza ni ramani ya wapi. Alipiga ukelele ambao sijausikia kwa binadamu tena, panga likamtoka, akaanguka kwenye majivu ya mtoto, na maharage yanamchemka shingoni. Nililipiga teke panga likaenda nje. Ndipo nikapiga yowe.

Yowe kwetu haliachwi bila kujibiwa. Walikuja wanaume kutoka kila upande, wengine na fito, wengine na mipini ya majembe, na walipoona mkono wa Edista hawakuuliza. Walimburuta Byarugaba uani wakampiga. Nilisikia mbavu. Mtu ambaye Jumapili huimba kwaya alikuwa anamkanyaga kichwa kwa buti la shambani. Mwingine akaita, "Leteni kiberiti, tummalize nyoka huyu," na kiberiti kikapatikana haraka kuliko maji yalivyopatikana kwa ajili ya dada yangu. Nilikuwa nimemfunga Edista mkono kwa kanga yangu, na kanga ilikuwa imeshalowa. Alinisukuma, akatoka nje, amejiegemeza kwenye nguzo.

"Nyie!" alisema. "Mkimuulia hapa, watoto wake watakuja kudai kibanja changu kwa damu yake. Mburuzeni mkamuulie kwake."

Wakasimama. Walitazamana. Hapo ndipo palipomwokoa Byarugaba, maana kumpiga mtu palepale alipo ni rahisi; kumbeba mpaka kwake, umvukishe mramura, umlaze mbele ya mke wake ndipo uwashe kiberiti, hiyo ni kazi nyingine, na kila mmoja alimwachia mwenzake. Ng'ambo ya mpaka Mama Mkubwa Anastella alikuwa amesimama kati ya migomba, kiganja mdomoni. Nilidhani analia kwa ajili ya mumewe.

Walipelekwa hospitali kwenye gari moja la mizigo, Byarugaba upande huu, Edista upande ule, na mimi katikati. Byarugaba alipotoka huko polisi walimchukua, kisha akapata dhamana akarudi, uso umebabuka upande mmoja, na kesi ikaanza kupigwa kalenda. Edista alirudi na mkono wenye kidole gumba na kidole kimoja. Kemi alirudi, ikiwa naweza kusema hivyo, bila maneno. Alikula akilishwa. Alijikojolea, jambo alilokuwa ameshaacha. Nilipoutandaza ungo na majivu mapya aliufunika kwa mikono yote miwili, taratibu, kama unavyomfunika macho maiti. Nami niliacha. Nasema hili kwa wazazi wenye haraka: kuna wakati kazi ya mwalimu ni kukaa karibu na mtoto akiwa hafanyi kitu.

Ukoo ulikaa vuli ilipoanza, uani kwa Edista. Mambo ya panga waliyaacha kwa serikali. Wao walikuja kwa ajili ya mpaka. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kabyemera, mtu mkavu mwenye kikohozi, na Byarugaba aliketi karibu naye na shuka usoni. Hoja yake ilikuwa fupi. Mjane amepanda mramura ndani ya ardhi yake; kwa desturi anayesogeza mpaka hulipa kwa ardhi; basi alipe kile kipande cha barabarani. Nilisimama nikaeleza. Nilieleza kwa uvumilivu wangu wote jinsi mtoto anavyojifunza kwa mikono, nikawaonyesha mabua, nikawaonyesha A na I.

"Binti," Mzee Kabyemera alisema, "umesoma mpaka kidato cha nne, halafu unatuambia mpaka umepandwa na mtoto anayejikojolea?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Tumpe na hati miliki!" Wakacheka zaidi.

"Haya, aletwe. Atuonyeshe."

Sikutaka, lakini walimleta. Walimpa bua. Kemi alimwona Byarugaba, akakakamaa, bua likamtoka, na mkojo ukatiririka kwenye miguu yake mbele ya wazee wote. Hakuna aliyecheka safari hii, lakini niliona jinsi walivyotazamana. Lilikuwa limekwisha. Edista aliinamisha kichwa. Mzee Kabyemera alikohoa ili aanze kusema.

Mama Mkubwa Anastella alikuwa anapita na kibuyu akiwamiminia wazee rubisi, kazi ya wake wa ukoo. Alikiweka kibuyu chini, akapiga magoti. "Wazee, nisameheni. Nilimwona mimi."

"Anastella," Byarugaba alisema.

"Nilikuwa napalilia upande wangu. Alivuka na vijiti vyake akaanza kuvichomeka. Nikamwuliza, mwanangu, unapanda nini? Akaniambia ni I. Mimi sijui kusoma, wazee, mnajua. Nikamwuliza, I inafanya kazi gani? Akasema, haifanyi kazi, inasimama tu."

"Nyamaza, mwanamke."

"Kimoja kilikuwa kinaanguka, akaanza kulia. Nikakishindilia kwa kisigino changu. Kwa hiyo kama ni kosa la kupanda mpaka, na mimi nimepanda. Nilipaswa kuviondoa nikasahau, na siku ile ya panga niliogopa. Nimeogopa mpaka leo." Alinyanyua uso. "Mjane huyu hajapanda kitu."

Mzee Kabyemera alimgeukia Byarugaba, akamwambia, "Mke wako amesema." Mpaka wa zamani ukabaki palepale, kipande cha barabarani kikabaki cha Edista na mtoto wake, na wazee wakamaliza rubisi wakaondoka haraka, wakijua kama sisi tulivyojua kitakachofuata. Hawakutaka kuwepo. Jua halijazama tukaanza kusikia. Safari hii Anastella hakuungama kosa lolote, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi kulisikiliza: kipigo peke yake, bila maneno. Nilichukua mchi nikavuka, Edista nyuma yangu na panga mkono wa kushoto, na Byarugaba alipotuona tumesimama uani kwake, mjane mwenye mkono mmoja mzima na msichana aliyembabua uso, aliingia ndani akafunga mlango. Hatukumpata Anastella. Alikuwa ameshakimbilia kwenye migomba.

Tulimpata asubuhi, au yeye alitupata. Alitokea kwenye mramura, jicho limefunga, mdomo umevimba, begani jembe lake. Edista alikuwa anajaribu kulima kwa mkono wa kushoto, mtaro umepinda kama njia ya panya. Walitazamana.

"Umenoba?" Edista aliuliza. Ndivyo tunavyosema mke anapomkimbia mume.

"Nimenoba."

"Kwenu ni Kiruruma. Umepotea njia?"

"Kaka zangu wakiletewa kibuyu kimoja watanirudisha kabla povu halijatulia." Alitema damu kando, kwa heshima, mbali na mstari. "Wewe huna mkono. Mimi sina nyumba. Nionyeshe pa kuanzia."

Kwa desturi, mke akinoba, mume humfuata alikokimbilia na pombe, anaomba, wenyeji wakiinywa pombe mke anarudi. Byarugaba alijua hivyo, na alijua sasa wenyeji ni nani. Alikaa siku kadhaa akisubiri ukoo umsaidie, lakini hapakuwa na mzee aliyekubali kubeba kibuyu kumpelekea mwanamke aliyekatwa vidole. Mwishowe alikibeba mwenyewe. Tulikuwa shambani sote, tunapanda maharage. Anastella mbele na jembe, Kemi nyuma yake amebeba mbegu kwenye bakuli, anadondosha kwenye mashimo, bado bila neno. Niliona mtoto anasimama ghafla, ndipo na mimi nikasikia kikohozi.

Byarugaba alifika kwenye mramura akasimama. Alitakiwa avuke, aketi chini mbele ya Edista, aseme, "Nimekuja kumwomba mke wangu." Midomo ilikuwa inamcheza. Edista alisubiri, mkono wake mzima kiunoni. Jembe la Anastella halikusimama. Tuliisikia pumzi yake na jembe, pumzi na jembe. Kisha Byarugaba alikinyanyua kibuyu kwa mikono yote miwili juu ya kichwa akakipasua kwenye shina la mramura, rubisi ikaruka mpaka kwenye majani ya migomba, vipande vikatapakaa, naye akageuka akaondoka akitukana mama zetu wote.

Kemi aliruka. Bakuli lilimtoka, mbegu zikamwagika. Nilikuwa naanza kumkimbilia lakini Edista alinishika. Mtoto alimtazama Mama Mkubwa wake mgongoni. Anastella hakuwa amegeuka. Alilima shimo, akalima lililofuata, akatulia akiegemea mpini.

"Mbegu ziko wapi?" aliuliza.

Kemi alichuchumaa akaanza kuokota, moja moja, akizifuta udongo kwenye gauni lake.

"Nyingine zimeingia kwenye nyasi," alisema.

"Zitafute," Anastella alisema. "Hatuna nyingine."